UMBO LA CHOMBO NA JASHO LA MVUVI



Mimi huvua kwa ngalawa. Kaka yangu huvua kwa mashua ya mashine. Je, chombo kipi ni bora?

Kwanza jaribu jambo hili. Tia mkono wako majini. Sukuma maji kwa kiganja. Yanakuzuia. Sasa geuza mkono, uyapasue kwa ubavu wake. Unapita kwa urahisi. Ndivyo vyombo vyetu vilivyo.

Ngalawa ni ndefu na nyembamba. Hupasua maji. Wembamba huo ungeipindua upesi, ndiyo maana ina matengo pande zote mbili. Upepo ukikatika, napiga kafi na kufika pwani samaki wakiwa wabichi. Lakini hubeba mzigo mdogo.

Mashua ni pana. Hubeba samaki wengi, lakini husukuma maji mengi. Tezi yake imekatwa wima. Ikijazwa mno, tezi huzama, maji huvurugika nyuma na kuivuta. Mashine hula mafuta, na faida huisha.

Basi ndugu, kabla ya kuagiza chombo, mweleze fundi utavua wapi na utabeba nini. Kisha usikijaze kupita kiasi. Sugua mwani chini yake, maana nao huzuia mwendo.