Mhina Katika Bonde la Ruaha

Napenda kuwaeleza wasomaji, hasa akina mama wenye nyumba, habari za mti mdogo usiofaa kukosekana nyumbani kwa Waislamu panapo joto la kuutosha: nao ni mhina.

Wengi wakisikia jina la Kilolo hudhani ni baridi tupu. Sivyo. Wilaya hii ina nchi mbili. Juu ya Mlima Kitonga kuna ukungu na mashamba ya chai. Chini yake, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, kuna bonde la joto na mibuyu, penye Mtandika na Ruaha Mbuyuni, ambako watu hulima vitunguu kwa maji ya mto. Mvua huko ni ya msimu mmoja, na miezi iliyosalia ni jua. Mhina hautaki zaidi ya hayo.

Kilichonitia hima ya kuupanda ni mkasa wa binti wa dada yangu. Alipambwa kwa harusi yake kwa kile kiitwacho hina nyeusi. Siku ya tatu mikono ilivimba, ikatoka malengelenge yaliyofuata nakshi ile ile, naye akaingia nyumbani kwa mumewe mikono imefungwa vitambaa. Haikuwa hina ile. Hina safi hutoa rangi ya machungwa, kisha huiva ikawa nyekundu ya kahawia baada ya siku moja au mbili. Weusi wa mara moja hutoka katika rangi ya nywele, ambayo huko pwani huitwa piko, na aliyekwisha kuunguzwa nayo aweza kudhurika tena kila aigusapo.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba siku ya kufunguliwa Makka, Abu Quhafa, babaye Sayyidna Abubakar, aliletwa hali kichwa chake ni cheupe, na Mtume s.a.w. akaamrisha weupe ule ubadilishwe na weusi uepukwe. Najua maneno hayo ni ya nywele, si ya mikono, na hukumu nawaachia wanavyuoni. Mimi mikono ya yule mwari imenitosha.

Basi, mbegu za mhina ni ndogo mno na huota kwa taabu, afadhali vipandikizi. Mvua zikikaribia, kata kijiti kilichokomaa, unene wa kalamu, urefu wa shibiri. Ondoa majani ya chini, ukichomeke hata nusu yake katika mchanga uliochanganywa na samadi kuukuu, mahali penye kivuli. Nyunyiza maji wala usitotese, kwani yakituama mizizi huoza. Miche ikishapata nguvu ihamishie juani, mmoja mmoja hatua moja ukitaka uwe ugo wa kuzuia mbuzi, maana matawi ya zamani hutoa miiba. Mwaka wa kwanza umwagilie. Baada ya hapo uache na kiu yake. Si ukatili huo: jani lililopata jua na ukavu hutoa rangi kuliko la kivulini.

Ukatapo matawi kwa ajili ya majani, hupati maua. Kwa hiyo mche mmoja siugusi kwa panga, nao hutoa vichala vya maua madogo ambayo harufu yake jioni hufika barazani.

Majani huanikwa kivulini, hutwangwa, huchekechwa kwa kitambaa chepesi, kisha hukandwa kwa maji ya ndimu na kuachwa saa kadhaa.

Dada yangu, akaaye huko juu Kilolo, aliniomba mche. Nilimkatalia, kwa kuwa mhina hauvumilii baridi kali, na umande ukigandapo huuua. Badala yake kila mwezi wa Oktoba humpelekea kwa basi mfuko wa majani makavu. Mwaka huu ameagiza miwili: mdogo wake yule binti ameposwa.