Bima ya matibabu isifungwe kwenye mfumo wa mishahara

Leo naweka kando mambo ya Linux na hifadhidata nizungumzie jambo linalotufanya tubishane ofisini: bima ya matibabu ya wafanyakazi. Msikimbie, teknolojia imo.

Tuko watu saba, tunaandika programu hapa Kiwanjani, Isiolo. Kuna kampuni ya Nairobi (jina naliacha) imetuletea pendekezo. Watatuhesabia mishahara, watapeleka makato serikalini, watatunza rekodi za likizo, na juu ya hayo watatuingiza kwenye bima ya matibabu waliyowanunulia wateja wao wote kwa pamoja. Malipo mamoja kwa mwezi, nenosiri moja. Kwa watu wasiopenda kujaza fomu kama sisi, inavutia kweli.

Mimi nakubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Sababu zangu ni hizi.

Kwanza tusichanganye bima mbili. Ile ya lazima ni SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na isipungue shilingi 300 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa 100,000 anakatwa 2,750, wakati NHIF ilimkata 1,700. Hapo kazi ni kuzidisha na kupeleka pesa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Yeyote akiifanya vizuri jibu ni lilelile, kwa hiyo mpe mtu wa nje aifanye.

Bima ya binafsi tunayoongeza juu yake haina fomula. Lazima uulize kadi inapokelewa wapi, kiasi cha kulazwa ni kipi, uzazi umo au haumo, magonjwa ya kudumu yanalipiwaje. Orodha ya hospitali inayomfaa mtu wa Westlands haimsaidii mtoto aliyepandwa na homa saa nane usiku hapa Kiwanjani, zaidi ya kilomita 250 kutoka huko.

Sasa tuje kwenye lugha yetu ya waandishi wa programu. Ukizifunga pamoja moduli mbili zisizohusiana, siku ukitaka kubadilisha moja unaivunja na nyingine. Tuseme hawa jamaa wameanza kukosea mishahara, au wamepandisha bei. Tutataka kuhama. Lakini bima iko kwa jina lao, si letu. Tukitoka, tunatoka nayo mikono mitupu, na kampuni mpya ya bima inaweza kuweka kipindi cha kusubiri kwa uzazi na kwa ugonjwa ambao mtu tayari anao. Mwenzetu mmoja ana kisukari. Mke wa mwingine ni mjamzito. Tutavumilia mishahara iliyokosewa kwa sababu ya insulini ya mtu? Naam, tutavumilia, na hapo ndipo tutakuwa tumenaswa.

Jambo la pili ni kamisheni. Mnaikumbuka Zenefits ya San Francisco? Ilianzishwa mwaka 2013, ikawapa kampuni ndogo programu ya kusimamia wafanyakazi bure kabisa. Pesa ilitoka kwenye kamisheni za bima walizowauzia wateja haohao. Februari 2016 mkuu wake, Parker Conrad, alijiuzulu baada ya kujulikana kwamba kulikuwa na watu wakiuza bima bila leseni zinazotakiwa. Kwa hiyo mtu akikuletea programu na bima kwa mkono mmoja, muulize analipwa na nani.

Nisiwaonee. Kundi kubwa hugawana hatari, na watu saba ni wachache mno: upasuaji mmoja tu unaweza kupandisha bei ya mwaka unaofuata. Huenda bima yetu wenyewe ikawa ghali zaidi. Tofauti hiyo mimi naihesabu kuwa bei ya kuweza kuhama.

Basi pendekezo langu ni hili. Mkataba wa bima uwe kwa jina la kampuni yetu, kupitia wakala mwenye leseni ya IRA. Wa mishahara wapate faili moja kila mwezi: jina na kiasi cha kukata, kama kuna cha kukata. Habari za nani anaugua nini zisiwafikie kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka kwenye kundi la data nyeti. Na kabla ya kutia sahihi, tusiiamini orodha ya hospitali iliyo kwenye PDF. Mmoja wetu aende mapokezi ya kila kituo cha hapa mjini akaulize, "Kadi hii mnaipokea leo?"

Jumatatu tunapiga kura. Kura yangu mnaijua. Kama nanyi ofisini kwenu mmewekewa mkataba kama huu mezani, tafuteni kwanza ukurasa unaosema jina la mwenye bima. Someni huo kabla ya ule wa bei.