Vumbi Haliishii Karakanani

Ndugu msomaji, mtu akikuambia kwamba huku kwetu Ushetu kuna wavuvi, huenda ukacheka. Ziwa Viktoria liko mbali nasi, nasi tunajulikana zaidi kwa tumbaku na mahindi. Hata ile kata yetu iitwayo Chambo haipo ufukweni. Hata hivyo, mvua zinapojaza mbuga na malambo, ni shida kumwona kijana nyumbani baada ya kazi za shamba. Kila mmoja hukata ufito porini, akafunga mshipi na ndoana, akachimba nyungunyungu, akaenda kumngoja kambare.

Ni katika msimu wa namna hiyo mjukuu wangu aliponijia karakanani. Karakana yangu si kubwa: ni kibanda nyuma ya nyumba, chenye meza moja, jiliwa moja na misumeno ambayo nimeitumia miaka mingi kuchonga mipini ya majembe. Mkononi alishika ufito wa kuvulia wa faibaglasi, aliopewa na mjomba wake kutoka Mwanza. Ulikuwa umevunjika ncha.

“Mzee mwenzangu,” akaniambia kwa ule utani wetu wa babu na mjukuu, “wewe unayejua kuchonga mipini, huu utakushinda?”

Nani angekubali kushindwa mbele ya mjukuu? Niliupokea nikaugeuzageuza. Kwa wasioujua, ufito huu ni bomba jembamba lililo wazi ndani, nene shinani na jembamba nchani. Umetengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya kiwandani. Fito za namna hii zilianza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1940, nazo zikachukua sehemu kubwa ya nafasi ya zile za mianzi, kwa kuwa ni nyepesi, hupindika bila kukatika, na hazili maji wala kuliwa na wadudu.

Basi nilifanya kama nilivyozoea kufanya kwa mpini wa mninga. Niliubana kwenye jiliwa, nikashika msumeno wa mbao, nikakata. Kosa la kwanza lilikuwa jiliwa. Bomba lililo wazi ndani halibanwi kama gogo, nalo likalia “kwaa!” Kosa la pili lilikuwa msumeno. Meno yake makubwa hayakukata nyuzi bali yalizing’oa, na ufa ukapanda kiasi cha shubiri moja. Hapo nikaingiwa na hasira, nikakata tena chini ya ufa, kisha nikapiga msasa mkavu hadi karakana ikajaa vumbi jeupe lililometameta juani. Nililipuliza kwa mdomo, nikajipangusa kwa shati, nikaingia ndani kula.

Kabla ya kula nilimpakata mjukuu wangu mdogo, kama ilivyo desturi yetu kila jioni.

Usiku ule mtoto hakulala. Alilia, akajikuna shingo na mikono, na jicho lake moja likawa jekundu. Tulidhani ni siafu, tukakung’uta matandiko tusione kitu. Mke wangu ndiye aliyechukua taa, akamulika shati langu lililotundikwa ukutani. Likametameta.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, “Umemsahau kaka yako?”

Ndugu msomaji, kaka yangu nilikuwa sijamsahau. Katika miaka ya 1980 aliondoka hapa, kama vijana wengi wa Kahama na Geita, akaenda kutafuta dhahabu. Kazi yake ilikuwa kutwanga mawe. Kila alipokuja kututembelea alikuwa mweupe tangu nywele hadi viatu, nasi tulimcheka kwamba ametoka kuiba unga. Watoto wake walimrukia na kumkumbatia vivyo hivyo na vumbi lake. Baadaye kikaja kikohozi kisichoondoka, kisha pumzi ikawa fupi, hata safari ya kisimani ikawa ndefu kwake. Tulimzika akiwa bado na umri wa kulima.

Sitaki kukutia hofu isiyo na sababu. Vumbi lile na hili langu si kitu kimoja. Vumbi la mawe ya dhahabu lina silika, nayo ikivutwa miaka kwa miaka huyatia mapafu makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosi. Hauna dawa ya kuuponya, na hufungua mlango kwa kifua kikuu. Nyuzi za kioo za fito ni nene zaidi, na nyingi hazifiki ndani kabisa ya mapafu. Kazi yake kubwa ni kuwasha ngozi, macho na koo. Mtoto wetu tulimsafisha jicho kwa maji safi mengi, tukamwogesha bila kumsugua, na asubuhi tukampeleka kwa mganga wa zahanati, ambaye alituhakikishia kwamba hakudhurika. Lakini somo la mavumbi yote mawili ni moja. Baba hufanya kazi peke yake, ila vumbi hulileta kwa jamaa nzima.

Kesho yake niliirudia kazi ile kwa adabu. Kwa faida yako wewe mwenye karakana nyumbani, nitaeleza jinsi nilivyofanya.

Kwanza nilipima mara tatu kabla ya kugusa msumeno. Ufito hukatwa kwa kufikiri: ukipunguza ncha, unabaki mgumu usiopindika upesi; ukipunguza shina, unaondoa nguvu yake na unabaki mlegevu. Pili, niliuzungushia utepe wa gundi mahali pa kukatia, ili nyuzi zisitawanyike. Tatu, niliulaza juu ya gunia badala ya kuubana, nikatumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, huku nikiuzungusha taratibu, nikitia mkato mwembamba pande zote kabla ya kuumaliza. Nne, nilikata na kupiga msasa kwa maji, kwani vumbi lililolowa haliruki. Nilivaa miwani ya kazi na barakoa, nikawafukuza watoto wote, hata mwenye ufito.

Nilipomaliza sikufagia, kwa maana ufagio hulirusha tena vumbi hewani. Nilipangusa meza kwa kitambaa kibichi. Vipande nilivifunga nikavifukia shimoni, sikuvitia motoni, maana moshi wa ile gundi si mwema. Nguo za kazi nilizivulia nje na kuzifua peke yake. Hayo yote yalinichukua muda mfupi kuliko usiku ule mmoja wa kilio.

Ufito ule, uliokuwa mrefu kunishinda mimi, sasa unaishia kidevuni mwangu. Umekuwa mgumu kama mpini wa jembe. Mjukuu wangu aliupokea, akautikisa, akasema, “Babu, umenitengenezea bakora.” Lakini kambare ni samaki mwenye nguvu, akinasa hukimbilia matopeni na kwenye matete, na bakora ile humtoa huko. Wiki ya kwanza tulikula kitoweo mara mbili. Nilishukuru, ingawa najua kwamba bahati imefunika makosa yangu. Kilichokatwa hakirefushwi.

Wazazi wenzangu, katika nyumba zetu nyingi karakana na jiko vimetenganishwa na ukuta mmoja tu, na pengine hata huo haupo. Yuko fundi seremala, yuko mchomeleaji, yuko msaga mawe kwenye karasha, yuko mchambua tumbaku. Sisi sote tunatafuta riziki ya watoto, na hatuna sababu ya kuona haya kwa kazi zetu. Ila riziki ni ile inayofika mezani. Kile kinachong’ang’ania kwenye shati tukiache nje, pamoja na shati lenyewe.

Siku hizi msumari umepigiliwa nje ya mlango wangu wa nyuma, na hapo ndipo shati la kazi hulala. Mdogo yule huniona nikilitundika, hunisubiri nioge, kisha hunyoosha mikono ili apakatwe.