Rula ya Theluji

Sisi watu wa pwani tumejaliwa majina mawili ya kitu ambacho wengi wetu hatukupata kukiona: theluji, tuliyoipokea kwa Waarabu, na barafu, iliyotoka kwa Waajemi, ambao kwao neno hilo ndilo theluji yenyewe, ila lilipofika kwetu likapachikwa bonge la maji yaliyogandishwa kiwandani, likafunikwa gunia na kusukumwa kwa mkokoteni hadi kwa muuza sharubati. Nilizaliwa na kukulia Mombasa, na hadi kutimiza miaka 21 barafu ndiyo niliyoijua. Theluji ilikuwa kwangu habari ya vitabuni, pamoja na kisa cha Mchungaji Johannes Rebmann, aliyeondoka Rabai, pua na mdomo na kwetu, akauona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848 na kilele chake cheupe, kiongozi wake akamwambia kwamba weupe ule ni baridi, na mabingwa wa jiografia wa London, William Desborough Cooley akiwa mstari wa mbele, wakamkadhibisha kwa miaka mingi pasipo hata mmoja wao kuinuka kitini kwenda kutazama.

Kisa hicho nilimsimulia mzee wa Kiingereza aliyenipangisha chumba mwaka 1962, nilipokwenda kusomea ualimu kusini-magharibi mwa Uingereza, katika mji mdogo ulio chini ya vilima vya Mendip. Alikuwa karani wa reli aliyestaafu, mtu wa maneno machache, na jawabu lake lilikuwa swali moja tu: "Huyo Rebmann alipima?"

Nikaja kufahamu baadaye kwamba swali hilo alimuuliza kila mtu. Bustanini mwake alikuwa na kipimo cha mvua cha shaba, mdomo wake inchi 5, na karibu yake sanduku jeupe la vibao vinavyopitisha hewa pasi na kuruhusu jua, ambalo lilibuniwa na Thomas Stevenson, baba wa mwandishi wa Kisiwa Chenye Hazina. Kila siku ya Mungu ilipotimu saa 3 asubuhi alitoka, akasoma, akaandika kwa kalamu ya risasi, na mwisho wa mwezi tarakimu zake akazipeleka kwa posta, kama walivyofanya maelfu ya watu wa kujitolea tangu George James Symons alipoanza kuwakusanya mwaka 1860. Hawakulipwa hata senti. Kusema kweli nilidhani ni wazimu wa kistaarabu.

Theluji ilianza kutuangukia siku ya pili ya Krismasi, laini na ya upole, nami nikatoka nje kichwa wazi kama mtoto anayeoga mvua ya vuli. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 30 Desemba ulivuma upepo wa matlai ambao sijausikia tena mfano wake, ukiibeba theluji ubavuni badala ya kuiacha ishuke, na kulipokucha mlango wa mbele haukufunguka. Nilikumbuka kwamba majira yaleyale huko kwetu upepo wa kaskazi unavuma kwa joto lake, majahazi yanaingia na tende na mazulia, na mama yangu anaanika nguo uani.

Ilipotimu saa 3 mzee alitoka kwa dirisha la jikoni. Nilimfuata kwa haya zaidi kuliko ushujaa. Nje walikwisha kufika wenziwe wawili, mwalimu wa shule na muuza dawa, wote wenye kamera zilizofichwa ndani ya makoti, na hapo ndipo nilipojua kwamba wazimu ule ulikuwa na jamaa. Upande mmoja wa nyumba theluji ilipanda ikagusa bati la ghala. Upande wa pili majani yalionekana, yamefagiliwa na upepo. Nilikimbilia lile fungu kubwa nikasimama kando yake ili nipigwe picha. Mzee akanizuia. "Hilo si theluji, hilo ni upepo," akasema, kisha akatupeleka uwanja wa kanisa, mahali tambarare, akachomeka rula yake mara kumi mahali mbalimbali, akajumlisha, akagawa. Theluji ya ndani ya kipimo aliiyeyusha kwa maji ya moto ambayo kiasi chake alikwisha kukipima, akatoa hesabu ya yale aliyotia, na yaliyobaki ndiyo maji yaliyoshuka kutoka mbinguni; kwa kukadiria, inchi 10 au 12 za theluji mpya hutoa inchi moja ya maji, ingawa ile iliyo kavu sana haifiki hapo.

Nami nilikuwa na kamera ya kukopa na filamu moja ya picha 12. Nilizimaliza kabla ya adhuhuri. Zilipotoka kusafishwa zote zilikuwa za kijivu, mithili ya uwanja uliomwagwa majivu, kwa kuwa nilikiamini kipima mwanga, na kifaa hicho hudhani kwamba dunia nzima ina weupe na weusi wa wastani, kwa hiyo kikiona weupe mtupu huufifisha. Muuza dawa alinifundisha dawa yake, ambayo ni kufungua lenzi hatua moja au mbili zaidi ya inavyoshauriwa. Akanifundisha pia nisiingie na kamera baridi chumbani penye moto, maana kioo hutoa jasho hapohapo. Picha zao zilikuwa na rula katikati, na saa na tarehe zimeandikwa nyuma. Zangu zilikuwa na mimi.

Picha moja niliituma nyumbani. Mama alimwandikisha ndugu yangu jibu: "Mwanangu, barafu yote hiyo nani anainunua?"

Baridi ile haikuondoka. Katikati ya Uingereza wastani wa Januari 1963 ulishuka nyuzi 2.1 chini ya sufuri, na hapakuwa na mwezi baridi kama huo tangu Januari 1814; asubuhi ya kwanza isiyo na jalidi tuliipata tarehe 6 Machi. Muda wote huo nilimshikia mzee daftari, kwanza kwa adabu ya mpangaji, kisha kwa kupenda, na siku alipougua mafua nilijikuta nimesimama bustanini saa 3 kamili bila kutumwa.

Sikurudi Mombasa ila kwa likizo. Nilioa, nikafundisha, nikazeeka katika vilima vilevile, na kazi ile ikabadilika mikononi mwangu. Filamu ziliondoka. Tangu 2015 dhoruba za huku Uingereza hupewa majina kama watoto wachanga, na tunaambiwa siku kadhaa kabla kwamba zinakuja. Dhoruba iliyoitwa Emma ilipokutana na baridi ya kutoka mashariki mwanzoni mwa Machi 2018, wajukuu wangu walikuwa na picha zaidi ya mia kabla sijamaliza kuvaa viatu, na nakiri kwamba zilikuwa nyeupe barabara, kwa sababu simu hujisahihisha yenyewe. Hata hivyo karibu zote zilikuwa za lile fungu lililoegemea ukuta. Nilipowauliza kina chake walinionyesha kwa mikono, kila mmoja na urefu wake, na wakati huo upepo ulikwisha kulihamisha.

Siwalaumu, mimi nilifanya vilevile kwa filamu ya kukopa. Ila naona hasara, maana katika picha zao mia hakuna hata moja inayoweza kumjibu yule mzee, ilhali daftari lake la 1962, ambalo picha zake zimefifia, bado linajibu.

Daftari hilo aliniachia mimi, pamoja na rula. Ni ya mti, urefu wake inchi 36. Namba nne za chini zimefutika kwa kutumika. Zile za kuanzia 20 kwenda juu zi wazi kama siku iliponunuliwa.