Dumu la Maji Nililokwenda Nalo Kuwinda

Nilichagua nyama. Hilo ndilo kosa langu, na nililifanya baada ya kushauriwa vizuri.

Lori lilikata ekseli katikati ya pori, njia ya Nachingwea kwenda Liwale, kiangazi, likiwa na magunia matupu ya korosho. Dereva akaondoka kwa miguu kutafuta msaada. Tukabaki mimi, utingo na bibi mmoja aliyeomba lifti, na dumu moja la maji. Unga uliisha upesi. Bibi akasema tuchimbe ming'oko, mizizi ya porini. Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya watoto, mwanamume mwenye manati halali njaa. Nikamchukua utingo. Nikachukua na dumu.

Ukikwama porini, huenda nawe ukaanza na nyama. Kanga unawasikia wanalia hapo karibu, na paja moja tu unaliona linazidi kapu zima la mizizi. Jasho hulihesabu. Tulitega vitanzi vya nyuzi za magunia (kibali cha kuwinda sikuwa nacho, hilo nalo niliseme), na wazo halikuwa baya, kwa sababu mtego hufanya kazi wewe umekaa kivulini. Lakini kukaa kulinishinda. Kila mara nilikwenda kuchungulia, nikahamisha vitanzi, mwisho nikaanza kuwakimbiza juani kanga wale wale niliokuwa nawatega.

Baadaye nilisoma kuhusu Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliwafuatilia miaka ya 1980, wakakuta kwamba mtu aliyekulia kwenye upinde hurudi bila mnyama mkubwa siku 97 kati ya 100. Mizizi wanayochimba wanawake ndiyo yenye uhakika. Mimi nilikuwa na manati.

Tulirudi jioni mikono mitupu. Bibi alikuwa amechuchumaa kando ya moto, kijiti chake cha kuchimbia kimelala pembeni, na juu ya khanga rundo la ming'oko, myembamba, mirefu, bado ina udongo. Sufuria alikwisha kuiteleka. Ilikuwa tupu. Akanyoosha mkono bila kunitazama. "Lete maji, baba."

Nikatikisa dumu, ingawa nilijua. Chakula kilikuwapo tangu asubuhi, hatua chache kutoka kwenye lori, na maji ya kukipikia nilikuwa nimeyamaliza nikifukuza ndege. Bibi akaifukia ming'oko kwenye majivu ya moto, akatugawia sawasawa. Hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Ungedhani nilikoma. Kesho yake nikaenda kuchimba mwenyewe, bila kuuliza, nikaleta mizizi minene kuliko yake. Akataka kuona majani. Yalikwisha pukutika, nikaenda kuokota machache pale shinani: matatu matatu kwenye kikonyo kimoja. Ndiga. Huliwa wakati wa njaa, lakini kwanza hukatwakatwa na kulowekwa siku kadhaa kwenye maji yanayopita. Bila hivyo ni sumu. Sisi hata ya kunywa tulikuwa hatuna. Bibi akaniamuru nikazitupe mbali, utingo asije akaziokota.

Utingo alijichoma mguu kwenye kisiki siku ile ya kanga. Kidonda kikatunga usaha, na kwa kuwa alikuwa akilipwa kwa safari, msimu wote wa korosho ulimpita. Tulipokwisha kutoka porini nilimpelekea fedha kidogo. Akapokea, akaniambia kwamba asubuhi ile alitaka kubaki na bibi.