UBISHI KWA KINYOZI

Likizo iliyopita nilikwenda kunyolewa karibu na soko la Bugolobi. Ukutani kwa kinyozi yule umebandikwa ukurasa mkuukuu wa gazeti la Uingereza, wa Julai 2013, Andy Murray alipomshinda Novak Djokovic katika fainali ya Wimbledon. Wazee waliokuwa wakingoja zamu, wapenzi wakubwa wa tenisi, waliniomba niwasomee. Nami, kwa kujivunia Kiingereza changu, nikafasiri kwa sauti: Mwingereza wa kwanza kushinda tangu Fred Perry, mwaka 1936. Miaka 77!

"Si kweli," alisema dada mmoja aliyemleta mdogo wake kunyolewa. "Virginia Wade je, mwaka 1977?"

Mzee mmoja akacheka, akasema gazeti la Waingereza haliwezi kukosea habari za Waingereza. Mimi niliwahi kulisikia jina la Wade, lakini niliogopa kuchekwa, nikajibu, "Ndivyo ilivyoandikwa."

Yule dada akahesabu kwa vidole: Dorothy Round 1937, Angela Mortimer 1961, Ann Jones 1969, kisha Wade. Wanne! "Au hao si Waingereza?" Hakuna aliyejibu. Akamshika mdogo wake mkono, wakaenda zao.

Baada ya kunyolewa niliusogelea ule ukurasa. Katika kichwa cha habari halimo, lakini chini, kwa herufi ndogo, neno "mwanamume" limo. Mimi ndiye niliyeliruka. Nikawaambia wazee wale.

"Basi," akasema yule mzee, "gazeti halikukosea."