Bunduki za mitumba

Rumonge, 9 Julai 2023
Nimefika jioni kutoka Bujumbura, ziwa likiwa kuliani njia nzima. Baba mdogo kaniuliza akiba yangu ya Marekani naipangia nini. Nikasema nataka bunduki kuukuu ya jeshi, ya kupigia shabaha klabuni.
“Unalenga nini?”
“Karatasi, baba.”
“Karatasi imekukosea nini?”
Nyumba nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka.

11 Julai
Nimepiga hesabu upya. Mosin ya Urusi ndiyo iliyokuwa bunduki ya mnyonge: zilitengenezwa kwa mamilioni, zikauzwa bei ya kutupa. Sasa zimeadimika na bei imepaa. Tena tangu 2021 Marekani imebana uingizaji wa risasi za Urusi. Risasi za zamani za jeshi zilikuwa rahisi, lakini nyingi huacha chumvi ndani ya mtutu. Usipousafisha siku hiyohiyo, kutu. Lee-Enfield na Mauser 98 ni ghali zaidi, ila risasi zake bado zinatengenezwa. Bunduki hununuliwa mara moja, risasi hununuliwa kila Jumamosi. Anayetazama bei ya bunduki peke yake hajapiga hesabu.

13 Julai
Nimekaa bandarini kati ya ndagala zilizoanikwa na madumu ya mawese, nikiwaza vita vya 1914. Askari wengi wa Wajerumani walianza na Mauser ya 1871, ya baruti ya moshi: ukifyatua, wingu linamwonyesha adui ulipo. Aprili 1915 meli yao Rubens ilishambuliwa na Waingereza, lakini ikafikisha Mauser 98 zipatazo 1,800 karibu na Tanga. Kwa Wabelgiji, askari wa Kongo chini ya Jenerali Tombeur walipewa Gras za Ufaransa za mwaka 1874, za risasi moja moja, nazo za moshi vilevile. Juni 1916 wakaingia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kisha Kitega. Julai ikiisha, Kigoma. Kabla ya mitumba ya nguo, Ulaya ilituletea mitumba ya bunduki, na waliokufa nayo ni watu wetu.

16 Julai
Baba mdogo kafunguka baada ya swala ya isha. Mwaka 1972 yeye na wazazi wangu walivuka ziwa usiku wakikimbia mauaji. Ndiyo sababu mimi nilizaliwa kambini Tanzania. Kisha akaja kwenye 2009, serikali ya Burundi ilipowataka raia wasalimishe silaha na kuwapa vitu kama saruji na baiskeli. “Hapa bunduki hukusanywa ili zivunjwe,” kasema. Sikumbishia.

18 Julai
Nimeamua: Gras. Bei yake naimudu, na kwa kuwa ilitengenezwa kabla ya 1899, sheria ya shirikisho ya Marekani huihesabu kitu cha kale. Ya jimbo nitaiuliza kabla ya kulipa. Risasi zake hazipatikani dukani, hivyo itakaa ukutani, na shabaha nitapiga kwa bunduki za klabu. Vya kukagua: namba ya mtutu na ya komeo zilingane, mifereji ya ndani isiwe imeliwa na kutu, kitako kisiwe na ufa. Chini yake nitabandika karatasi: nani waliibeba, kutoka wapi hadi wapi, mwaka gani.
Nimemweleza baba mdogo. “Hiyo karatasi,” kasema, “iandike kwa Kiswahili.”